Printa ya Picha na Wino Wake: Anza na Karatasi, Mashine Ije Mwisho

Ujumbe unaonijia mara nyingi kuliko mwingine wowote huja na picha mbili. Ya kwanza ni printa mpya, nailoni yake bado haijatoka yote. Ya pili ni uso wa bibi harusi uliotoka na ukijani mashavuni. Chini yake: "Kaka, nimeuziwa mbovu?" Nami humwomba mtu huyo anipigie picha ya chupa ya wino na ya pakiti ya karatasi. Zikija, mara nyingi naona printa haina hatia.

Kosa ni la mpangilio. Mtu anaingia Kariakoo au Luthuli Avenue, anachagua mashine kwa bei, anachukua wino aliopewa na muuzaji, kisha anatafuta karatasi ya bei nafuu kuliko zote. Fanya kinyume chake: kazi kwanza, karatasi ya pili, wino wa tatu, printa mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoa pesa

- Picha moja ya majaribio kwenye simu au flashi (nitaieleza sasa hivi).
- Karatasi mbilimbili za aina tatu tofauti. Wauzaji wengi hukubali kukuuzia chache ukiomba vizuri.
- Kipande cha kitambaa cheupe cha poliesta, na pasi.
- Glavu za mpira, tishu, na bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano.
- Rula, kalamu na daftari.
- UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kwa ajili ya printa. Hii si anasa, na sababu yake iko Hatua ya 9.

Picha ya majaribio nenda kaipige mwenyewe. Mtafute mtu mwenye ngozi nyeusi, avae kanzu au shati jeupe pe, asimame kivulini mchana, na begani au nyuma yake uweke kanga nyekundu. Kanzu itakuonyesha kama weupe umeingiwa na rangi nyingine. Kanga itakuonyesha kama wekundu una nguvu. Uso ndio mtihani wenyewe, kwa sababu printa nyingi huchapa vizuri maua na machweo, zikifika kwenye ngozi yetu zikatoa majivu au kijani. Tumia picha hiyohiyo kila mahali, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

## Hatua ya 1: Andika kazi utakayoifanya

Andika sentensi moja tu kwenye daftari: nitachapa nini, cha ukubwa gani, kingapi kwa wiki. "Picha za aina zote" si jibu. Ukiandika hivyo utanunua mashine isiyofaa kwa lolote.

Picha za pasipoti na kadi, za sentimita 10 kwa 15 na A4, ni kazi ya printa ya matangi ya rangi sita. Karatasi moja ya 10 kwa 15 inaingiza picha nane za milimita 35 kwa 45, kwa hiyo hata kijiofisi kidogo kinaweza kuendeshwa kwa kazi hiyo pekee.

Picha za papo kwa papo ukumbini, mgeni anapigwa na kuondoka nayo, zinataka mashine ya utepe, inayohamisha rangi kutoka kwenye utepe badala ya kurusha wino. Picha inatoka kavu, haina tone la kumwagika, na mpiga picha anaweza kuibeba mashine yake kwenye gari bila hofu.

Picha kubwa za fremu na maonyesho, ambazo mteja anataka zikae ukutani miaka mingi, zinataka wino wa pigmenti (aina za wino nitazieleza Hatua ya 3) na mashine ya A3 kwenda juu.

Vikombe, fulana na vibao vya zawadi vinataka sablimesheni, wino unaohamishwa kwa joto, na hiyo ni printa yake peke yake. Usiichanganye na ya picha. Nitarudia hili mpaka unichoke.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia muuzaji kazi yako kwa pumzi moja, naye asiwe na nafasi ya kukupeleka kwenye mashine anayotaka kuimaliza dukani.

## Hatua ya 2: Chagua karatasi kwa mkono, si kwa maandishi ya pakiti

Pakiti zote huandikwa kwamba ni bora kabisa. Uzito nao haukuambii yote: gramu 230 za karatasi mbaya ni karatasi mbaya nzito. Chukua zile sampuli zako, kaa nazo mezani, ufanye majaribio matatu.

Chana kona. Karatasi ikichanika kama kadi ya mwaliko, nyuzi zikaonekana, hiyo ni karatasi iliyopakwa dawa upande mmoja tu. Ni ya bei nafuu na inafaa kwa pasipoti na kazi za shule. Ikivutika kidogo kabla ya kuchanika, ukaona ngozi nyembamba ya plastiki pembeni, hiyo ina plastiki pande zote mbili na ndiyo inayofanana na picha za studio za zamani. Mgongo wake nao ni laini na wa ubaridi, haukwaruzi kama karatasi ya daftari.

Gusa kwa kidole kilicholowa kidogo. Gusa kona tu. Upande unaonatanata ndio wa kuchapia. Wenye haraka huchapa mgongoni, wino ukaelea na kutiririka, halafu wakalaumu hedi, kile kichwa cha printa kinachotema wino.

Dondoshea tone la maji. Subiri dakika moja, kisha futa kwa tishu. Karatasi ya plastiki itabaki imenyooka. Ile ya kadi itavimba na kukunjamana. Kama mteja wako atabandika picha kwenye fomu na kuitia mfukoni hilo halina neno, lakini kwa albamu ya harusi usiithubutu.

Ukipenda isiyong'aa, ile ya mati, kumbuka kwamba weusi wake huwa hafifu kidogo kuliko wa karatasi ya kung'aa. Faida yake ni kwamba haionyeshi alama za vidole na haiakisi taa ikiwekwa ukutani.

Onyo moja halina mjadala: karatasi ya picha ya kung'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya printa za wino usiiingize kwenye printa ya leza. Leza huyeyusha unga wake kwa joto kali, na plastiki ya karatasi inaweza kuyeyuka ikaganda kwenye rola. Fundi atakuonyesha rola ikiwa imevaa koti la gundi, halafu atakutajia bei.

## Hatua ya 3: Jua wino ulioko mkononi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende polepole. Kwenye chupa utakuta neno moja kati ya haya: Dye, Pigment au Sublimation. Chupa isiyoandikwa lolote irudishe.

Wino wa dayi. Rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, kama sukari kwenye chai. Ukifika kwenye karatasi ya picha unazama ndani ya ile dawa iliyopakwa juu, uso unabaki unang'aa, na rangi zinachangamka. Kasoro yake ni mwanga na hewa: picha iliyowekwa dirishani bila kioo itaanza kupauka mapema. Kwa studio ya mtaani, dayi ndiyo wino wa kawaida wa picha, na printa nyingi za matangi za rangi sita zimetengenezewa huo.

Wino wa pigmenti. Huu ni chembechembe za rangi zinazoelea ndani ya kimiminika, kama unga kwenye uji mwepesi. Haziyeyuki, zinakaa juu ya karatasi. Ndiyo maana unastahimili mwanga na maji kuliko dayi, na ndiyo maana wachapaji wa picha za maonyesho huupenda. Lakini ukiutia kwenye printa isiyo yake na kuuchapa kwenye karatasi ya kung'aa ya bei nafuu, utauona umekaa kama vumbi: ukipitisha kidole unafutika, na picha ukiiinamisha kwenye taa sehemu nyeusi zinatoa mng'ao wa shaba.

Wino wa sablimesheni. Huu haukutengenezwa ukae kwenye karatasi. Karatasi ni gari tu la kuufikisha. Unachapwa, kisha unabanwa kwa mashine ya joto kwenye nyuzi 180 hadi 200 hivi, unageuka mvuke na kuingia ndani ya poliesta au ndani ya dawa iliyopakwa kikombe. Kabla ya kupata joto rangi zake hupauka: nyeusi inaonekana kama kijivu cha jivu, nyekundu kama ya matofali. Mtu akiniambia "picha zimetoka kama zimefuliwa", kitu cha kwanza ninachokishuku ni huu.

Nilijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza wa studio niliuziwa seti ya chupa sita na duka moja, nikaambiwa ni "wino wa picha, na wa vikombe pia unatumika". Niliuamini ule "pia". Nilichapa mahafali ya darasa zima, kila mtoto ametoka kama amepakwa majivu, na majoho meusi yamekuwa ya kijivu. Nikasafisha hedi mara saba nikidhani imeziba. Hedi ilikuwa nzima, nilikuwa namwaga wino tu.

Jaribio la kukuokoa ni hili. Chapa mraba wa rangi kwenye karatasi ya kawaida, ukauke. Uweke kifudifudi juu ya kitambaa cheupe cha poliesta, funika kwa karatasi nyingine, kisha kandamiza kwa pasi ya moto isiyotoa mvuke kwa dakika moja. Usiisugue pasi, ikandamize. Fungua. Kitambaa kikichukua rangi iliyokolea, huo ni sablimesheni. Kikibaki cheupe au kikapata doa hafifu tu, si sablimesheni. Tumia kipande kisicho na thamani, maana poliesta ikizidiwa na moto husinyaa.

Kutofautisha dayi na pigmenti, dondoshea tone moja kwenye glasi ya maji masafi na uangalie dhidi ya dirisha. Dayi huyapa maji rangi lakini unaendelea kuona ng'ambo. Pigmenti huyatia ukungu. Jaribio hili si la maabara, ila kwa muuzaji anayesema "zote sawa tu" linatosha kumnyamazisha.

Namba za chupa nazo usizipuuze. Printa ileile inaweza kuwa na namba tofauti za wino kulingana na soko ililotengenezewa. Epson L3250 ya soko la Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika hutaja chupa za 103, ilhali ya India hutaja 003. Printa ikija na mzigo wa Dubai na nyingine ikija na mzigo wa India, usikariri namba ya jirani yako, soma kibandiko cha mashine yako.

Na wino wa kampuni nyingine je? Unatumika, mimi pia nautumia kwa kazi za pasipoti. Masharti ni mawili. Uwe wa aina ileile, yaani dayi kwa dayi, na ukianza na kampuni moja usihamehame. Rangi zikiwa zimekaa upande, ni rahisi kuzirekebisha kwa kosa linalojirudia kuliko kwa kosa linalobadilika kila chupa.

## Hatua ya 4: Sasa chagua printa

Hesabu rangi kwanza. Printa za matangi za rangi nne, kama Epson L3250, ni za ofisi zinazoweza kuchapa picha. Za rangi sita, kama Epson L805 ya zamani, L8050 ya A4 na L18050 ya A3+, zimeongezewa samawati hafifu na waridi hafifu. Hizo mbili za ziada ndizo zinazofanya kazi kwenye shavu na paji la uso, mahali rangi inapopungua taratibu kutoka kivuli kwenda mwangani. Kwenye rangi nne utaona vinukta. Kwenye sita panakuwa laini.

Mfululizo wa Canon G wa rangi nne una jambo ambalo wauzaji hawalitaji: wino wake mweusi ni pigmenti, zile tatu nyingine ni dayi. Weusi huo ni mzuri sana kwa barua. Ukichapa kwenye karatasi ya kung'aa, mashine huuacha pembeni na kuutengeneza weusi kwa kuchanganya zile tatu. Ndiyo maana suti nyeusi hutoka na ukahawia au ukijani. Mashine haijaharibika, imefanya inavyotakiwa. Ukitaka Canon kwa picha, tazama G640, yenye rangi sita za dayi, zikiwemo nyekundu na kijivu.

Wa maonyesho waangalie Epson SureColor P700 au Canon PRO-300, zote za pigmenti. Canon PRO-200 ni ya dayi, rangi nane. Hizi hutumia katriji, si chupa za kumimina, na gharama yake itakulazimu kuwa na wateja wa kulipia.

Za utepe, Canon Selphy CP1500 ni ndogo ya mezani: inachapa njano, waridi na samawati, kisha inapaka utando wa kulinda, karatasi ikipita mara nne mbele ya macho yako. Pakiti yake ya karatasi 108 huja na utepe unaotosha hizohizo 108, kwa hiyo gharama unaijua kabla ya kuanza. Kwa harusi kubwa watu hutumia mashine kama DNP RX1, ambayo bunda moja hutoa picha 700 za 10 kwa 15.

Hedi nayo iangalie. Epson husukuma wino kwa kijiwe kinachotikisika kwa umeme, bila joto, ndiyo maana hata wachapaji wa vikombe huzikimbilia. Canon na HP huuchemsha wino ukatoka kwa kiputo. Hedi za Canon nyingi za matangi unaweza kuzibadilisha mwenyewe. Ya Epson iko ndani, ni kazi ya fundi, na bei yake huuma.

Ukinunua iliyotumika, usikubali iliyo ndani ya boksi. Iwashwe mbele yako, uchape jaribio la nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino, kisha ile picha ya kanga. Uliza imewahi kutiwa wino gani. Chungulia matangi: kama rangi mbili zimeingiliana au kuna matope chini, ondoka. Uliza pia kuhusu sponji ya wino taka. Kila unaposafisha hedi, wino humwagika humo, na ikijaa mashine hugoma kabisa. Mashine mpya nyingi zina kiboksi unachokibadilisha mwenyewe, za zamani lazima fundi azifungue na kurudisha mwanzo kihesabio cha wino taka.

## Hatua ya 5: Pata gharama ya picha moja

Usikubali hesabu ya boksi. Jaza matangi hadi mstari, chapa picha 100 za 10 kwa 15, halafu rudishia wino kwa bomba la sindano ukihesabu mililita.

Tuseme, kwa mfano tu, zimekwenda mililita 25. Seti ya chupa sita za mililita 70 ni mililita 420, nawe umeinunua shilingi 240,000 za Tanzania. Mililita moja inakuwa kama 571, na picha moja inakula robo yake, karibu shilingi 143. Karatasi ikiwa 200, umefika 343. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa zinazoharibika: 377. Mashine ya 1,200,000 unayotaka ijilipe ndani ya picha 10,000 inaongeza 120. Umefika karibu shilingi 500, na bado hujagusa umeme, kodi ya chumba wala nguvu zako.

Weka bei zako za leo mahali pa hizo. Anayechapa kwa 500 na kusema anapata faida hajaihesabu mashine.

## Hatua ya 6: Kujaza wino mara ya kwanza

Weka mashine mahali palipo sawa kabisa, maana mirija haipendi mteremko. Vaa glavu. Fungua chupa moja, mimina, funga, ndipo ufungue nyingine. Chupa mpya za Epson nyingi zina midomo inayoingia kwenye tangi la rangi yake tu. Za L805 hazina, hapo macho yako ndiyo kinga.

Jaza hadi mstari wa juu, usipite. Kisha anzisha ule uvutaji wa kwanza wa wino. Utachukua muda mrefu, mashine ikinguruma na kunyamaza kama imekufa. Usiizime. Ukiizima katikati, hewa inabaki kwenye mirija na utahangaika nayo wiki nzima.

Umefaulu ukiona mirija yote imejaa rangi bila mapovu marefu.

## Hatua ya 7: Jaribio la nozeli, kisha picha

Chapa jaribio la nozeli kwenye karatasi ya kawaida. Utaona ngazi za vistari, rangi kwa rangi. Vistari vyote viwe vizima. Njano huwa ngumu kuonekana, ipeleke dirishani.

Pakiwa na mapengo, safisha hedi mara moja, jaribu tena. Ukifika mara tatu bila mafanikio acha, zima, ulale. Hewa hupanda yenyewe usiku na wino uliokauka hulainika. Wengi wameijaza sponji ya wino taka kwa hasira ya jioni moja.

Vistari vikiwa vizima na rangi bado mbaya, usisafishe tena. Tatizo liko kwenye wino, karatasi au mipangilio.

## Hatua ya 8: Faili na mipangilio

Picha ya 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 hivi ili iwe nukta 300 kwa inchi. A4 inahitaji 2,480 kwa 3,508. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupunguzwa. Itafaa kwa pasipoti, kwa A4 itatoka na ukungu. Mwambie mteja aitume kama dokumenti. Nimebandika maneno hayo ukutani karibu na dirisha la kupokelea kazi, na yameniokoa ugomvi mwingi.

Kwenye kompyuta, usichapie picha moja kwa moja bila kufungua dirisha la draiva, ile programu inayoiendesha printa. Mambo matatu lazima yakae sawa: aina ya karatasi, ukubwa, na ubora. Aina ya karatasi ndiyo inayoamua wino kiasi gani umwagike. Ukiacha kwenye karatasi ya kawaida huku umeweka ya kung'aa, picha itatoka nyembamba na yenye mistari. Ukifanya kinyume chake, wino utafurika.

Rangi ikielemea upande mmoja kwa wino wa kampuni nyingine, rekebisha kidogokidogo kwenye draiva, pointi tatu au nne kwa wakati, ukichapa ile picha ya kanzu kwenye vipande vidogo. Andika namba nyuma ya kila kipande. Ukipata inayokuridhisha, hifadhi mipangilio hiyo kwa jina la karatasi na wino. Ukibadilisha karatasi, unaanza upya. Mwenye kazi ya kutosha amtafute mtu mwenye kifaa cha kupima rangi amtengenezee profaili, yaani faili la kusahihisha rangi, ya karatasi na wino wake. Ni bora kuliko kubahatisha.

Utajua umefika pale kanzu inapoonekana nyeupe, si ya samawati, na ukiiweka picha karibu na mhusika, mtu wa tatu asicheke.

## Hatua ya 9: Kukausha, kuhifadhi na umeme

Picha ikitoka inaonekana kavu, lakini kimiminika bado kimo ndani. Zitandaze bila kupandana kwa saa kadhaa, na kabla ya laminesheni au fremu ya kioo subiri siku nzima. Ukiharakisha, kioo kitaota ukungu kwa ndani, na laminesheni itafanya malengelenge.

Kwa waliopo pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, mara mbili ya muda huo wakati wa masika. Karatasi zirudi kwenye mfuko wake wa plastiki kila baada ya kutoa unazohitaji, la sivyo zitameza unyevu na kujikunja, halafu zitapita mbilimbili. Kwa waliopo kwenye ukavu kama Dodoma, adui ni vumbi na hedi kukauka: funika mashine kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kila wiki chapa kitu chenye rangi zote, hata kikiwa kidogo kama kadi. Wino usiotembea hukauka mdomoni mwa nozeli.

Sasa ile UPS. Ukiizima printa kwa kitufe chake, hedi hurudi kwenye kifuniko chake cha mpira na kujifunika. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, hedi inabaki uchi katikati ya njia. Saa sita za namna hiyo kwenye chumba cha joto, na kesho unasafisha. Kwa sababu hiyohiyo, usizime kwenye soketi ya ukutani. Bonyeza kitufe, subiri kelele iishe, ndipo uchomoe.

## Ukiwa umeshatia wino usio wake

Acha kuchapa hapo hapo, kwanza ujue ni wino gani. Kama ni dayi ya kampuni nyingine, huna haja ya kufanya lolote, endelea tu hadi ichanganyike na kuisha. Kama ni rangi moja iliyoingia tangi la nyingine, ivute yote kwa bomba la sindano, jaza rangi sahihi, kisha chapa kurasa za rangi hiyo peke yake mpaka irudi kawaida.

Pigmenti ikichanganyika na dayi ni habari nyingine, kwa sababu inaweza kuganda na kuziba mirija. Vuta wino wote, mpelekee fundi anayeosha mfumo kwa dawa yake, usijaribu kwa spiriti ya dukani.

Sablimesheni ikishapita kwenye mirija na hedi, kuiosha ikaisha kabisa ni kazi ya wino mwingi na subira ndefu, na mabaki kidogo tu yanatosha kuharibu nyuso. Ushauri wangu: kama printa ni Epson, iache iwe ya vikombe, nunua nyingine kwa picha. Ile yangu ya mahafali bado iko kwenye meza ya pembeni, imeandikwa VIKOMBE TU kwa maka peni, na mwezi uliopita imelipia kodi ya chumba.